Msiba Utawekwa Wapi?

Baba alifariki alfajiri ya Jumanne moja mwaka 2001, ndani ya chumba cha kupanga, Temeke. Nilikuwa na miaka 17. Jua halijapanda vizuri, Baba Mkubwa alishafika kutoka Mbagala. Alimfunika marehemu sawasawa, akatupa pole, kisha akauliza: "Sasa msiba tunauweka wapi?"

Mama akajibu kwa sauti ya chini kwamba msiba uko hapahapa, alipolala mwenyewe. Baba Mkubwa akatazama sakafu ya saruji. Akatazama pazia lililokigawa chumba chetu mara mbili, na ndoo za maji zilizopangwa chini ya meza. "Hapa kwa mtu, shemeji," akasema. "Utachimba ufuo kwenye sakafu ya mtu?"

Ufuo ni ule mfereji wanaouchimba wazee ili maji ya kumwoshea maiti yapate pa kwenda. Siku hizi wengi huoshea kitandani, na misikiti mingine ina chumba maalumu, lakini Baba Mkubwa alikuwa mtu wa zamani na neno lake lilikuwa la mwisho. Niseme haki ya mwenye nyumba: hakukataa. Alisimama ukumbini na msuli wake akatuambia tuchukue baraza, tuchukue uani, tutandike mikeka tunapotaka. Tatizo ni kwamba baraza lilikuwa la wapangaji wote, choo kilikuwa kimoja, na chumba cha jirani kulikuwa na mama aliyejifungua siku nne tu nyuma.

Wazee wakakaa chini ya mwembe, wakaamua. Mwili ukapakiwa kwenye pikapu hadi Mbagala, kwenye nyumba ambayo baba hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Akaoshwa huko, akasaliwa huko, akazikwa huko. Majirani wa Temeke, wale waliomuuguza, waliokuwa wakigonga mlango usiku kuuliza kama ameweza kunywa uji, walikuja kwa daladala wakakaa pembeni kama wageni. Siku zote za matanga mama alikuwa anaomba ruhusa ya kuingia jikoni.

Usiku wa arobaini, tukiwa tumerudi Temeke, aliniambia: "Mwanangu, mimi sitaliliwa kwa watu."

Nayaandika haya kwa sababu kila ninaposikia mjadala wa kupanga na kujenga, watu wanakimbilia hesabu. Kodi ya miaka kumi ingenunua tofali ngapi, bati ngapi, nondo ngapi. Hesabu hizo nazijua, nimezifanya nyuma ya bahasha mara nyingi. Lakini mama yangu hakuanza kujenga kwa sababu ya hesabu. Alianza kwa sababu ya mikeka ya Mbagala, na naamini watu wengi wa mji huu wanajenga kwa sababu za namna hiyo, hata kama mdomoni wanataja uwekezaji.

Nyumba tuliyokuwa tumepanga ilikuwa nyumba ya Kiswahili, kama zilivyojaa Temeke, Ilala, Magomeni na Kariakoo ya zamani. Baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaonyooka mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna choo, bafu, banda la jiko na kamba za kuanikia. Mwenye nyumba alikaa vyumba viwili vya mbele, vinne akapangisha, na kila chumba kilikuwa na chungu chake. Jioni majiko ya mkaa yalipangwa mstari uani, na kwa harufu tu ulijua nani leo kapata na nani kabandika uji. Aliyekuwa na mchuzi alipeleka kibakuli bila maneno, na kibakuli hakikurudi kitupu. Kama hakuna kitu, kilirudi na chumvi.

Bili ya umeme iligawanywa kwa karatasi ya daftari iliyobandikwa nyuma ya mlango. Kila taa fungu moja, redio nusu fungu, pasi fungu moja, mwenye friji mafungu matatu. Ugomvi mkubwa ninaoukumbuka utotoni ulitokana na friji ya chumba namba nne, kwa sababu yule mama alikuwa akiuza barafu za ubuyu na wenzake wakasema anafanya biashara kwa umeme wao. Ugomvi uliisha kwa watoto wote wa nyumba kupewa barafu bure kila Ijumaa.

Chumbani kwetu tulikuwa saba: baba, mama, sisi watoto wanne, na binti wa shangazi aliyeletwa kusoma. Wakubwa nyuma ya pazia, wasichana kwenye godoro lililoingizwa mchana chini ya kitanda. Mimi na kaka tulilala ukumbini kwenye mkeka, baada ya mwenye nyumba kufunga komeo, na tuliamka kabla ya mtu wa kwanza kwenda chooni. Wazazi wangu hawakuwahi kugombana kwa sauti. Nilikua nikiamini walikuwa wanapatana kuliko watu wote duniani. Nilipooa ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa na mahali pa kugombania.

Na tulihama. Mara tano kabla sijamaliza darasa la saba. Mara mwenye nyumba mwanawe anaoa, anahitaji chumba. Mara kodi imepanda mara mbili na jibu linatakiwa kesho. Mara moja tulitolewa kwa sababu mimi na mdogo wangu tulivunja kioo cha dirisha. Mkokoteni ulikuja, kitanda kikafunguliwa, tukatembea nyuma yake tumebeba ndoo. Mama alikuwa na boksi la vyombo vya wageni, sahani za maua alizopewa harusini, amezifunga kwa magazeti. Boksi lile lilihama nasi mara zote tano bila kufunguliwa, kwa sababu kila tulipofika alisema, hapa hatukai.

Kiwanja alikipata Chamazi mwaka 2003, ishirini kwa ishirini, kwa laki mbili na nusu. Wakati ule kule kulikuwa mikorosho na njia ya baiskeli. Alipewa karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa na sahihi za mashahidi, na mpaka leo hiyo ndiyo hati yake, ipo ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya sanduku. Fedha zilitoka kwenye upatu. Alikuwa akiuza samaki wa kukaanga Tandika, na kijumbe wao, mama mmoja muuza nyanya, alimpa zamu ya kwanza kwa sababu alijua shida yake.

Msingi ulichimbwa 2004, ukakaa mpaka ukaota nyasi. Kuta zilianza 2006, tofali hamsini leo, sabini baada ya Idi. Mama alikuwa akifunga biashara mapema ili akamsimamie fundi, kwa sababu fundi alitaka mfuko mmoja wa saruji utoe tofali arobaini na yeye alikuwa amesikia kwa watu kwamba zisizidi thelathini. Alikaa kwenye kigoda juani akizihesabu. Kuna tofali moja kwenye ukuta wa choo ina alama ya vidole vyake vitano. Aliligusa bichi ili aone kama mchanga haujazidi. Lenta ikafungwa 2008. Tukapaua 2010, na mwaka huo mdogo wangu wa kike alikaa nyumbani mwaka mzima akisubiri ada ya chuo, kwa sababu ada iligeuka mabati. Hajawahi kulalamika. Mimi nalalamika kwa niaba yake, kwa sababu naona mwaka ule ulikuwa bei kubwa mno.

Ungeuliza, kwa nini asikope benki? Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ya kuzipa benki fedha za mikopo ya muda mrefu ya nyumba. Ni hatua nzuri. Lakini benki inataka hati ya kiwanja na karatasi ya mshahara, na mama alikuwa na karatasi ya mauziano na karai la samaki. Ukipanda daladala leo kwenda Chamazi, Chanika au Goba, sehemu kubwa ya nyumba unazoziona zimesimama kwa mtindo wa mama. Na mapagale unayoyaona katikati, yale yenye kuta bila paa na mpapai umeota sebuleni, ni akiba ya mtu imesimama juani. Watu wa nje huyaona wakadhani ni magofu.

Tulihamia 2011, pagale bado pagale. Madirisha yamezibwa kwa mbao na viroba, sakafu ni kifusi. Usiku wa kwanza mama aliwasha taa ya chemli, akafungua lile boksi. Magazeti yalikuwa ya miaka ya themanini. Tukala wali kwenye sahani za maua, mimi nikiziona kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2014 nilipata nafasi ya kusoma Ujerumani, Hamburg, na huko ndiko nilikokutana na watu wasiokuwa na boksi la namna hiyo. Kutafuta chumba kulinitesa, nisidanganye. Niliandika barua pepe nyingi, nyingi kati ya hizo hazikujibiwa, na nilipoitwa kuangalia chumba nilikuta foleni ya watu imeshuka ngazi mpaka barabarani, kila mmoja na bahasha ya vielelezo vya mshahara na madeni yake. Nina rafiki ambaye alianza kupata majibu alipomwomba mpenzi wake Mjerumani aandike kwa jina lake. Kwa hiyo sitapamba. Ila ukishaingia, umeingia. Nilipata nafasi mtaa wa Barmbek, kwenye jengo la matofali mekundu, na jina langu likawekwa kwenye kengele ya mlango wa chini kati ya majina ya Kijerumani. Nililipiga picha nikamtumia mama. Akauliza: "Umenunua?"

Ghorofa ya tatu aliishi bibi mmoja aliyekuwa karibu na miaka 80. Alikuwa amepanga nyumba ile tangu 1968. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani Kijerumani changu kimenipotosha, nikamwomba arudie. Akaniingiza ndani, akafungua kabati, akatoa faili, na ndani yake mkataba wenyewe, karatasi imegeuka rangi ya chai. Aliingia pale akiwa bibi harusi, akazaa mtoto mmoja, akamlea, akamwoza, akamzika mume, yote humo ndani. Jiko lilikuwa lake. Kule ni kawaida mpangaji kukuta jiko tupu, akaja na makabati yake na sinki lake. Kuta alizipaka mwenyewe. Nikamuuliza swali ambalo kila mtu wa kwetu angeuliza: Bibi, kwa nini hamkujenga? Hakunielewa. Nikalirudia kwa maneno mengine. Akaangalia chumba, akaniangalia mimi, akasema, "Kwa nini? Si nina nyumba?"

Jengo lile lilikuwa la chama cha ushirika. Unaponunua hisa unakuwa mwanachama, na mwanachama ana haki ya kukaa maisha yake yote akilipa kodi na kutunza masharti. Hakuna mtoto wa mwenye nyumba atakayeoa. Hata kwa wapangaji wa watu binafsi, sheria yao ya kiraia imeandika mambo ambayo sisi tungeyaona ndoto. Dhamana haizidi kodi ya miezi mitatu, unaruhusiwa kuilipa kwa awamu tatu, na mwenye nyumba analazimika kuitunza mbali na fedha zake. Mkataba wa kawaida hauna mwisho. Mwenye nyumba akitaka kukutoa lazima awe na sababu inayokubalika kisheria, na kadiri ulivyokaa ndivyo notisi inavyorefuka: miezi mitatu mwanzoni, sita baada ya miaka mitano, tisa baada ya minane. Anaweza kusema anaihitaji kwa matumizi yake mwenyewe au ya familia, na wapo wanaolia kwa sababu hiyo. Lakini hawezi kuja Jumapili akasema kesho.

Chanzo chake ni historia, na vita vimo ndani yake. Hamburg ilipigwa mabomu Julai 1943, Barmbek ikawa miongoni mwa mitaa iliyoteketea sana. Baada ya vita mamilioni ya watu hawakuwa na paa, na Ujerumani Magharibi ikapitisha sheria ya ujenzi wa nyumba mwaka 1950, fedha za umma zikaingia kwa wingi kwenye majengo ya kupangisha. Kizazi kizima kikalelewa kwenye nyumba za kupanga zilizo imara, na hakuna aliyewaambia kwamba bado hawajawa watu wazima. Leo zaidi ya nusu ya kaya za Ujerumani zimepanga, na Berlin ni zaidi ya nne katika kila tano. Ndani ya Umoja wa Ulaya, Ujerumani iko mkiani kwa watu wanaoishi kwenye nyumba zao wenyewe. Wanaoongoza ni Waromania, zaidi ya tisa katika kila kumi, kwa sababu ukomunisti ulipoanguka serikali iliwauzia wapangaji nyumba zao kwa bei rahisi. Anayeniambia kwamba taifa la wapangaji ni taifa maskini, namwomba aziweke nchi hizo mbili mezani.

Basi je, tuige? Ngoja nieleze alivyokufa yule bibi.

Ilikuwa majira ya baridi, 2017. Nilijua siku ya tatu, kwa karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo chini, karibu na ratiba ya kutoa takataka. Alikuwa amefia kitandani, peke yake, na sakafu yake ilikuwa dari ya mtu aliyekuwa anatazama mpira. Maziko yalikuwa wiki tatu baadaye, makaburi ya Ohlsdorf, makubwa mno, yamefunguliwa tangu 1877, barabara zake za ndani zinapita mabasi. Tulikuwa watu tisa. Ibada fupi kanisani mle makaburini, kisha tukaenda kwenye mkahawa wa karibu, kahawa na keki ya siagi, saa moja na nusu, tukatawanyika. Mwanawe aliniambia kaburi ni la miaka 25. Baada ya hapo mtu hulipia tena, au nafasi inarudi. Nikakaa kimya. Hata kaburi ni la kupanga. Mwisho wa mwezi uliofuata nyumba ilikuwa imepakwa nyeupe, funguo zimerudishwa, na kwenye kengele pameandikwa jina jingine.

Nilisimama pale mlangoni nikalia, na sikuwa najua kama namlilia yeye au namlilia baba. Miaka yote nilidhani baba alidhulumiwa kwa sababu alikuwa mpangaji. Yule bibi alikuwa na kila haki ambayo baba hakuwa nayo, miaka karibu 50 bila kuhamishwa, na msiba wake haukuhitaji nyumba kwa sababu haukuwa na watu. Ujerumani ina watu karibu milioni 17 wanaoishi peke yao. Wengi wamechagua hivyo na wana furaha, nimekutana nao. Lakini Temeke mtu akikohoa usiku, milango mitatu inafunguliwa.

Ninachoshikilia ni kwamba mambo haya mawili hayakufungwa pamoja. Hatulazimiki kupoteza milango mitatu ili tupate mkataba wa 1968.

Kwa sababu tazama hali yetu. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikafutwa 2005, na tangu hapo mpangaji wa Dar es Salaam anasimama kwa neno la mwenye nyumba na karatasi ya kurasa mbili. Anadaiwa miezi sita mbele, au mwaka. Dalali anachukua ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo amechukua hela ya kukuonyesha. Hata kodi ya jengo: tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na baadaye ikapanda kuwa 1,500. Kisheria ni mzigo wa mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni nani? Mimi ninaishi Sinza, vyumba viwili na sebule, na kila mwezi naona makato yale kwenye ujumbe wa simu. Fedha yenyewe ni ndogo. Kinachoniuma ni kwamba nalipia jengo ambalo naweza kuambiwa nilihame wiki ijayo.

Nilimwambia mama haya yote mwaka jana, nikiwa nimepandwa na hamasa, nikasema miezi sita mbele ni uonevu mtupu, ipigwe marufuku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanikumbusha kwamba yeye naye ana mpangaji. Chumba cha nyuma, kinachoangalia choo, amempangisha kijana wa bodaboda na mkewe. Na anachukua miezi sita mbele.

"Ile miezi sita, baba, ndiyo ilichimba shimo la choo," akasema. "Mwezi mmoja mmoja ningeila."

Sikuwa na jibu, na bado natafuta. Ni kweli kwamba kwa watu kama mama kodi ya mbele ndiyo benki. Mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bila riba, mwenye nyumba ananunua saruji, na hivyo ndivyo mji unavyosogea kusini na magharibi. Ukiweka ukomo wa miezi mitatu bila kumfungulia mama mlango mwingine wa kupata fedha, choo kitatapika na kijana wa bodaboda naye atadhurika. Lakini notisi haina gharama. Kumpa mtu miezi mitatu ya kujipanga kabla ya kumtoa hakuhitaji benki yoyote, wala mkataba ulioandikwa hauhitaji. Hapo mama alikubali. Alisema hata yule kijana akishindwa hawezi kumtoa kabla mtoto wake hajamaliza muhula. Nikamwambia liandike basi. Akacheka, akasema mimi nimekaa sana na Wazungu.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, usiku wa Sensa, nililala Chamazi kwa makusudi. Karani alikuja siku mbili baadaye na kishikwambi chake, binti mdogo, amevaa kizibao, akaketi kwenye kigoda kilekile cha kuhesabia tofali. Akauliza mkuu wa kaya ni nani. Mama akasema, "Mimi," akajiweka sawa ushungi.

Kisha wakaanza kuhesabu waliolala, na kazi ikawa ngumu. Mama. Mimi. Mdogo wangu wa kike na wanawe wawili. Kaka, ambaye mkewe alikuwa Tanga. Watoto watatu wa kaka. Binti wa binamu anayesoma sekondari ya jirani. Na Baba Mkubwa, sasa hawezi kutembea, amelala chumba cha mbele tangu 2020, kwa sababu nyumba yake ya Mbagala watoto wake waliiuza wakagawana. Kumi na moja. Yule kijana wa bodaboda na familia yake wakaandikwa kaya yao, kwa sababu wana chungu chao. Kukawa na ubishi kuhusu mtoto wa jirani ambaye analala kwetu siku nyingi lakini anakula kwao. Karani alifikiri sana, akamrudisha kwao. Matokeo yalipotoka tulikuwa watu 61,741,120 nchi nzima, na wastani wa kaya ni watu 4.3, wakati Ujerumani ni kama wawili. Nilimsomea mama. Akauliza hao 4.3 wanaishi wapi, maana yeye hajawaona.

Hivi karibuni nilimpelekea miche mitatu, mwarobaini mmoja na miembe miwili, kwa sababu mbele ya nyumba yake pana uwanja mtupu, mchanga unaofagiwa kila asubuhi, na jua la mchana linapiga ukutani mpaka ndani kunachemka. Nilichimba mashimo mwenyewe Jumamosi, nikamwagilia, nikarudi Sinza. Wiki mbili baadaye nikakuta miche imehamishiwa ubavuni, imepangwa kando ya ukuta wa choo, na mashimo yangu yamefukiwa na kusawazishwa.

Nikamuuliza kuna nini. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Pale pasipandwe kitu," akasema. "Nimeshapapima kwa hatua. Turubai mbili zinaingia, na njia ya gari inabaki."

Baba Mkubwa alikuwa dirishani, anasikia. Hakusema neno. Mama akamaliza ungo, akaniambia nisogeze kiti cha mzee kivulini, jua lilikuwa limeshafika kwake.